Muulize Yaya: Batteri ni ya yule uliyemtukana

Wasomaji wangu wa Lubumbashi, na nyinyi mnaotusoma mkiwa Likasi, Kolwezi mpaka kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenye foleni ya makamiyo, yambo yenu. Mwezi huu telefone ya redaksio imejaa matusi. Si mimi niliyetukanwa, mara hii angalau, ni swali la wanamuziki kutukanana hadharani, wale wa rock hasa, juu kuna vijana wa Katuba walifanya mambo yao kwenye emisio moja ya redio na tangu siku ile kila mtu ana maoni yake. Nimechagua barua tano. Zilizobaki zenyewe zilikuwa matusi, nimezifuta.

*

"Yambo Yaya. Mi niko mpiga besi, tuko bana bane, tunapiga rock ya kweli, gita zenye kulia, si ndombolo. Repetisio tunafanyia nyuma ya nyumba ya mjomba wa mpiga gita wetu, pale wanauzia makala. Sasa wiki tatu zilizopita walituita kwenye emisio, animateri akamuuliza vokali wetu: kati ya wasanii wa hapa mjini, nani angeachia mikro akaenda kulima? Huyu kijana bila kufikiri akataja jina, jina la mzee mmoja anayepiga kwenye mandoa tangu sisi hatujazaliwa, akasema ana sauti ya mbuzi aliyemeza msumari. Studio nzima ilicheka, na mi nilicheka Yaya, sitaki kudanganya. Shida njo hii: batteri tunayopigia, yaani ngoma zote, ni ya yule mzee. Bafle mbili, zile spika, pia ni zake. Alikuwa anatuachia kwa bei ya bure, tunamlipa tukipata. Kesho yake asubuhi mtoto wake alikuja na pusupusu, mkokoteni wa kusukuma, akapakia vyote bila kusema neno, akaacha tu kiti cha mpiga ngoma juu kile ni chetu. Leo mpiga ngoma wetu anakaa kwenye kile kiti anapigia bido, dumu la plastiki. Na ndoa ya mwezi ujao tumeipoteza, kumbe bwana arusi ni mtoto wa dada yake mzee. Vokali anakataa kuomba msamaha, anasema Liam Gallagher haombi msamaha kwa muntu na anajaza viwanja. Ni kweli hawa bazungu walitajirika na matusi? Na tufanye nini?"
Mpiga besi, Katuba

Ndugu mdogo, niache kwanza nicheke juu ya kile kiti. Haya, nimemaliza.

Vokali wako amesikia nusu ya stori. Tuanzie kwa hao ndugu wa Manchester basi, Oasis, mdogo Liam anaimba, mkubwa Noel anatunga na kupiga gita, na wote wawili Mungu aliwapa mdomo akasahau kuwapa mlango. Noel ndiye aliyesema, mwaka 2009, kwamba mdogo wake ni mtu mwenye uma kwenye dunia ya supu. Liam naye alimbatiza mkubwa wake kiazi, miaka na miaka anaandika Twitter kiazi, kiazi, bila hata kutaja jina na watu wote wanaelewa. Hayo mi nayapenda, sitajifanya mtakatifu. Ile ya uma ukiitazama unamuona mtu mwenyewe, amekaa mezani na hasira zake, supu inapoa, yeye anachoma-choma tu na hakuna kinachopanda. Aliyetunga hiyo alimchunguza mdogo wake kwa miaka mingi.

Lakini Noel huyohuyo mwaka 1995 alimwambia mwandishi wa gazeti la Observer kwamba anatamani Damon Albarn na Alex James wa Blur, bendi shindani yao, wapate Ukimwi wafe. Hapo sasa supu iko wapi? Mwaka 1995 sisi hapa tulikuwa tunazika watu, na jina la ule ugonjwa tulilisema kwa kunong'ona, kwenye matanga unaambiwa alikuwa na malaria ya muda mrefu na wewe unatikisa kichwa. Mi nilisoma hayo maneno miaka mingi baadaye na bado yalinikaa kooni. Na Noel aliona mwenyewe kwamba amevuka, akaomba msamaha kwa maandishi. Kwa hiyo mwambie vokali wako hivi: Liam simjui, lakini mkubwa wake aliomba.

Utajiri sasa. Oasis walitajirika na nyimbo. Albamu yao ya pili, ya Oktoba 1995, iliuzwa zaidi ya milioni 20 duniani, na hakuna mtu anayetoa pesa yake akanunue tusi asikilize mara mia tatu akiwa anapika. Matusi yalikuwa tangazo la kitu kilichokuwepo tayari. Chukua Dave Mustaine, wale wa metal mnamjua, Metallica walimfukuza Aprili 1983 wakampandisha basi pale New York arudi kwao California, safari ya siku na siku, na yule bwana aliwasema vibaya miaka zaidi ya ishirini. Sawa. Lakini kabla mdomo wake haujawa na uzito ilibidi aunde Megadeth, apate wapigaji wake, nyimbo zake, ngoma zake. Na mwaka 2010 kule Sofia, Bulgaria, nani alikuwa jukwaani anapiga pamoja na Metallica? Yeye.

Sasa sikiliza kitu ambacho vokali wako hakukiona. Noel akimtukana Damon, Damon ana batteri yake. Yeye ana kampuni yake ya diski, Noel ana ya kwake, kila mmoja ana gari lake la vyombo, meneja wake, wakili wake, huyu mtu wa London yule mtu wa Manchester, wanaweza kukaa mwaka mzima bila kukutana isipokuwa kwenye gazeti. Hata wakivunja vitu hawapati hasara! Tarehe 28 Agosti 2009 Oasis walikuwa Paris, tamasha la Rock en Seine, watu wanasubiri, ndugu wawili wakashikana nyuma ya jukwaa, gita ya Noel ikavunjika, na Oasis ikafa usiku uleule. Unajua ile gita ilifika wapi? Ilitengenezwa, na mwaka 2022 ikauzwa mnadani palepale Paris kwa euro 385,500. Gita iliyovunjwa kwa hasira, ndugu mdogo. Ampli yenu ikivunjika pale Katuba mwenye kununua vyuma atakupimia kwa kilo, na ya mbao hapimi.

Tusi ni starehe ya mtu mwenye ampli yake. Nyinyi mnatukana kwa mikro ya kuazima, mnarudi nyumbani kwa pikipiki ya mkopo, na kule nyumbani mnakuta batteri ya yule mliyemtukana imekaa inawasubiri.

Mi mwenyewe nilishawahi, ndio maana naongea hivi. Nilipokuwa naanza hii kazi niliandika kwamba mpiga gita fulani wa bendi ya mjini anapiga kama mtu anayekuna upele. Nilijiona nimeandika kweli, nilibeba ile karatasi mfukoni siku tatu nawaonyesha watu. Miezi miwili baadaye kukawa na matanga kwa jirani, usiku, baridi ile yetu ya Juni, watu wamezunguka mbabula ya makala wamejifunga mablanketi, na kwenye benchi nafasi ilikuwa moja tu, pembeni yake. Nikakaa. Hakusema kitu. Walipoleta bukari na sombe yeye ndiye aliyeshika birika, mtu anayenipita miaka kumi na tano, akasimama kuninawisha mimi mtoto, nikajaribu kumnyang'anya birika akakataa, akamwaga maji polepole sana, akasema kwa sauti ya chini: nawa vizuri, upele unaambukiza. Benchi lote lilijua. Ule bukari nilimeza lakini mpaka leo siwezi kukuambia kama ulikuwa na chumvi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Msitume odio ya WhatsApp, tafadhali, kuomba msamaha kwa odio ni kumtukana mara ya pili tena kwa mega zake za intaneti. Na vokali asiende wa kwanza, ataingia na ile shingo yake. Aende mjomba wa mpiga gita, mzee kwa mzee, akuchukue wewe uliyecheka, juu mzee ameambiwa nani alicheka, usijidanganye. Msiingie mikono mitupu. Na kile kiti mkibebe. Mwambieni kiti kimefuata batteri yake. Akicheka, mko nusu ya njia. Vokali aje siku ya pili, aseme mwenyewe kwa kinywa chake, halafu akaseme vilevile kwenye ile emisio, juu alimvua nguo kwa mikro na hawezi kumvisha kwa kunong'ona sebuleni.

Batteri msiiombe siku ile! Hata akiwauliza mnapigia nini sasa, semeni bido, mnyamaze.

Na kama huyo mzee ni mjanja kama ninavyomdhania, ile ya mbuzi ataichukua mwenyewe. Mwaka 2008 Noel alisema haifai Jay-Z, mtu wa rap, kupewa usiku mkubwa wa tamasha la Glastonbury, kwamba pale ni mahali pa gita. Siku ilipofika, 28 Juni, Jay-Z akatokea na gita shingoni, hajui kuipiga wala nini, akaanza na wimbo mkubwa wa Oasis wenyewe, uwanja mzima ukamuimbia. Alimjibu Noel kwa wimbo wa Noel mwenyewe. Siku mtakapomuona yule mzee anafungua ndoa kwa kulia kama mbuzi na watu wanarusha pesa, mjue imewarudia, na mkubali.

*

"Yaya, Oasis na Blur nani alishinda? Tumebeti kreti ya bia ya Simba, jibu haraka."
Wawili, Kampemba

Mlibeti bila kusema mnabeti nini, ndio shida yenu. Tarehe 14 Agosti 1995 walitoa nyimbo zao siku ileile, Blur wakauza 274,000 wiki ile, Oasis 216,000. Ukihesabu wimbo, Blur. Ukihesabu albamu zilizofuata, Oasis waliwaacha mbali hata vumbi halionekani. Kunyweni nusu nusu. Na msisahau kwamba 2013 Noel na Damon walipanda jukwaa moja pale Royal Albert Hall, London, kuchangisha pesa za vijana wenye kansa, wakaimba wimbo wa Blur, na miaka minne baadaye Noel akaimba kwenye kazi ya Gorillaz, bendi ya Damon. Waliobaki na vinyongo ni nyinyi na kreti yenu.

*

"Bonjur Yaya. Mtoto wangu ana miaka 15, ameshika hii rock kwenye telefone, siku nzima makelele masikioni. Hilo ningevumilia. Lakini ameanza kusema watu. Juzi alimwambia mkubwa wa korali yetu, mbele ya wamama wote, kwamba anaongoza korali kama mtu anayefukuza nzi. Nilitaka ardhi inimeze. Anasema njo rock, kule wanaambiana ukweli. Ni muziki wa shetani au ni nini?"
Mama, Ruashi

Mama yangu, shetani ana kazi nyingi kwenye barabara ya Kasumbalesa, muziki hana muda nao. Mmoja wa wale walioizaa hiyo rock alikuwa mama wa kanisa, Sister Rosetta Tharpe, Mmarekani mweusi, anamuimbia Mungu na gita ya umeme shingoni tangu kabla Elvis hajajulikana. Mwambie kijana amtafute, atashtuka.

Kuhusu kusema watu: huyo mtoto hajakosa akili, ile ya nzi imenifanya niweke kikombe chini. Ila muulize swali moja. Mkubwa wa korali anakosea wapi? Anawahi? Anachelewesha sauti ya pili? Tenori wanashuka na yeye hasikii? Kama anaweza kukuonyesha mahali, mtoto ana masikio, mpeleke kwa yule baba akaombe radhi halafu amuombe amfundishe, na nakuhakikishia wataelewana. Kama hawezi, basi alitaka kuchekesha wamama tu, na hapo fanya kama mama zetu walivyofanya, sitakufundisha.

Halafu umsikilizishe nyimbo mbili, kwa kufuatana. John Lennon na Paul McCartney walikuwa Beatles pamoja, marafiki tangu vijana, bendi ikavunjika, na mwaka 1971 Lennon akatoa wimbo wa kumponda Paul, unaitwa "How Do You Sleep?", maneno makali mpaka unaona aibu wewe unayesikiliza, na kwenye gita yumo George Harrison, yaani mwenzao wa tatu. Desemba 1980 Lennon akapigwa risasi New York akafa. Wimbo wa pili ni wa 1982, wa Paul, "Here Today", anaongea na rafiki yake ambaye hayupo. Usimwambie kitu, mpe tu telefone na mega, uendelee na kazi zako.

*

"Mukubwa, mimi ni mwenye ile emisio. Watu wananilaumu mimi. Mimi niliuliza swali tu, msanii ni mtu mzima, angejibu vingine. Na ukweli usemwe, siku ile simu zilipigwa mpaka mashine ikapata moto, hatujawahi. Nina kosa gani?"
Animateri

Karibu, nilikuwa nakusubiri.

Ndugu, ukimuuliza kijana wa miaka ishirini mbele ya mikro "nani aende kulima" wewe hukuuliza, ulimshikisha kiberiti ukamuonyesha nyasi. Usijali, hukuanzisha wewe. Ile vita ya Oasis na Blur yenyewe ilipikwa na magazeti, gazeti la NME Agosti 1995 liliweka sura zao mbele kama tangazo la pigano la ndondi, na kampuni za diski zikafurahi juu wote waliuza. Keith Richards wa Rolling Stones akiulizwa juu ya Elton John mwaka 1997, baada ya ule wimbo wa Elton wa kumlilia Princess Diana wa Uingereza, alisema jamaa anaandikia wanawake wa nywele za dhahabu waliokufa, Elton akajibu kwamba Keith ni kama nyani mwenye ugonjwa wa viungo. Nani aliyekuwa katikati anapeleka maneno huku na huku? Sisi. Watu wa kazi yako na yangu. Mi simo nje.

Ila kuna kitu ujue kabla mashine haijapata moto tena. Kitabu chetu cha sheria za adhabu hapa Kongo kinasema, kifungu cha 75, matusi ya hadharani ni siku 8 mpaka miezi 2 jela na faini, au kimojawapo. Kifungu cha 74 ni kizito zaidi, mtu akimsema mwenzake jambo kamili la kumvunjia heshima, yaani si "sauti ya mbuzi" bali "aliiba pesa za ndoa ya fulani", ni siku 8 mpaka mwaka mzima. Na tangu 2023 kuna sheria ya mambo ya dijitali pia, kwa hiyo ile video mliyoiweka Facebook usidhani inakaa hewani bila mwenyewe. Sisemi yule mzee atakwenda parke, kwa mwendesha mashtaka, sidhani, mtu wa namna yake anatuma pusupusu. Lakini wa kesho hatakuwa yeye.

Kama unataka simu zipigwe, nikupe swali la bure. Muulize msanii: wimbo gani wa mwenzako ungependa ungekuwa wako? Waangalie wanavyohangaika. Wanatoa jasho, wanacheka, wanaangalia mlango. Niliwahi kulijaribu kwa mtu mkubwa sana hapa mjini, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, halafu akataja wimbo wa mtu ambaye hawasalimiani. Ile ndiyo redio.

Na mkaribishe mzee. Umpe saa nzima, na umuulize pia alijifunza wapi gita, maana wazee wa umri ule walikua wakimsikia Mwenda Jean-Bosco, yule wa Bunkeya aliyerekodiwa Likasi 1952 wakati bado inaitwa Jadotville, vidole viwili vinafanya kazi ya watu watatu. Hao vijana wa rock wanadhani gita ililetwa na Metallica.

*

"Mtoto wangu, nakusalimu. Mimi ni mzee, nilifanya kazi kwenye treni miaka mingi, lakini swali langu si la hao wazungu. Wenge, ile bendi ya Kinshasa, ilipovunjika mwisho wa 1997, mimi nilibaki na JB, mdogo wangu akaenda na Werra. Tulikuwa tunasemana kwa utani tu, tukipiga bia, kama vile Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira. Siku moja, ilikuwa kwenye ubarikio wa mtoto, yeye alinitukana na maneno aliyoyatoa kwenye wimbo, mimi nikamrudishia na mengine, ya mama yake. Mama yake ni mama yangu, mtoto wangu. Hatujaongea vizuri tangu siku ile. Yeye anaishi Kasumbalesa. Namba yake ninayo, sijaifuta. Nifanyeje?"
Mzee, Kamalondo

Baba, barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena.

Nitakuambia kitu unachokijua. Tarehe 30 Juni 2022, Kinshasa, Stade des Martyrs, JB Mpiana na Werrason walipanda jukwaa moja, Wenge yao ileile, wanaume wazima na matumbo yao, wakaimba. Miaka karibu ishirini na mitano ya kusemana, ya mafanatike kurushiana mawe barabarani, ya watu kuachana na wake zao kwa kaseti, na jamaa wakasimama pale wakagawana mikro. Hata kabla yao Franco na Tabu Ley, ambao kila nyumba ya Kongo ilikuwa na upande wake, mwaka 1983 waliingia studio pamoja wakatoa diski. Wao wanapatana, juu ni kazi yao, na mwisho wa siku anayeweza kuelewa kazi yako ni yule mnayegombea naye. Keith Richards, niliyemtaja hapo juu, aligusa gita ya Chuck Berry, mmoja wa wazee wa rock, bila ruhusa, Chuck akampiga ngumi ya jicho, na miaka michache baadaye Keith ndiye aliyeandaa bendi ya kusherehekea miaka 60 ya Chuck, akavumilia kugombezwa mbele ya kamera kama mtoto wa shule. Alitaka kuwa karibu na ile gita.

Wewe na mdogo wako ndio mmebaki mnalinda mpaka ambao wenyewe wameshauvuka.

Umesema maneno yalikuwa ya mama. Basi usianze na JB na Werra, hayo muyaweke mpaka bia ya pili. Anza na mama. Sijui kama yuko hai, hukusema, kama yuko hai pigia pale pembeni yake, kama hayupo mpigie umuulize kaburi limefagiliwa lini mara ya mwisho, na kwamba wewe unataka kwenda kabla ya mvua na huwezi kubeba jembe peke yako na hii miguu. Hilo tu. Atauliza siku gani.

Piga jioni, baada ya saa kumi na mbili, makelele ya makamiyo yakishapungua, ili asikie ni sauti yako.